Kijiko Kimoja, Tone Moja

Chupa ya yale maji makali nalala nayo kwapani.
Usiku wa Tsenkher ukiyagandisha
kesho hayatashika kitu,
na Daktari Khorloo hana subira na kisichoshika.

Asubuhi, bweni la watoto wa wafugaji.
Umeme umekatika tangu juzi. Heri:
keekee haitalia, na wao hawatalia kwa ajili yake.
Meza ya kulia chakula, blanketi, mto mmoja,
tochi kwenye paji la uso wa daktari,
na foleni ya soksi za sufu hadi mlangoni.

Wa tisa ni Zolboo, miaka saba,
ananuka maziwa makavu na moshi wa samadi.
Gego lake la maziwa, la chini kulia, lina shimo
la kutosha punje ya mtama.
Bibi yake, Yanjmaa, amepanda farasi saa nne
kuja kutuuliza swali moja:
"Jino hilo si litang'oka lenyewe?
Mnapoteza dawa kwa mgeni aliyekwisha kuaga?"

Daktari hajibu. Anakwangua kwa mkono,
taratibu, kama mtu anayetoa tope kwenye kwato ya mwanakondoo.
"Changanya," ananiambia.

Kijiko kimoja, tone moja, juu ya karatasi.
Sekunde thelathini, na uji ung'ae.
Mng'ao ukishafifia umechelewa:
tupa, anza upya, usibishane na simenti.

Ni unga wa kioo, kioo chenye floridi tumboni.
Kikishakuwa jiwe hakinyamazi.
Siku za kwanza hutoa kwa pupa,
kisha hutoa kama bahili anayehesabu sarafu gizani,
na mtoto akipiga mswaki jioni
hukopa kwenye povu, kikaweka, kikagawa tena.
Jiwe linalokopa likalipa!
Watu wa namna hiyo mimi nawajua wawili.

(Daktari hapendi niite muujiza.
Ni akiba, asema, na akiba haishindani
na mfuko wa peremende.)

Akapaka kidole mafuta, akabonyeza.
Kimya. Zolboo ametumbulia macho tochi.
Ndipo nikamgeukia bibi:
Litang'oka, mama, kweli.
Lakini ona hapa nyuma, ufizi ulivyopauka.
Kuna gego linakuja, la kuzeeka nalo.
Litazaliwa ubavuni mwa hili.
Nani amchagulie jirani aliyeoza?

Bibi akafumba mdomo wake wa meno manne.
Mimi nikapitisha ulimi penye pengo langu:
nilikuwa na miaka kumi na mmoja, koleo, ndoo,
na mtu ambaye hakuniuliza hata jina.

"Usile kitu kwa saa nzima," daktari alisema.
Zolboo alikuwa tayari ana jibini mfukoni.

*

Miaka minne baadaye tulipita tena, kiangazi,
chupa ikiwa kwenye maji baridi safari hii,
maana joto nalo lina haraka zake.
Mvulana mrefu akanijia mbio, kiganja wazi.
Jino. Na ndani ya jino, kiraka chetu,
kimechakaa ukingoni, bado kimekaa.

Akalivingirisha kwenye mafuta ya mkia wa kondoo,
akamwita mbwa kwa mluzi, kama walivyofanya wa kwao wote:
chukua langu bovu, niletee zima.
Mbwa akameza mafuta, jino, kioo,
na labda deni dogo lililokuwa bado halijalipwa.

Daktari akawasha tochi mchana kweupe.
Gego la nyuma, lile lililokuwa likitarajiwa,
akaligonga kwa ncha ya chuma: tik.
Zima. La juu kushoto, ambalo hakuna aliyelifikia,
lilikuwa limeanza kuoza.

"Changanya," akasema.

Mbwa alikuwa bado ameketi mbele yetu,
akilamba pua, akingoja lingine.